Kabla Ulipie Hiyo Lesi, Igeuze Kwanza

Wacha niseme kitu ambacho kitaudhi wauzaji kadhaa: kuna vitu vingi vinauzwa huku mtandaoni kama kazi ya mkono, na mkono pekee uliovigusa ni ule uliovitia kwenye bahasha. Vitop vya matundu-matundu, kola za lesi, vitambaa vya meza, magauni ya ruracio. Picha safi, mwangaza wa dirishani, na chini yake maneno matamu: imetengenezwa kwa mkono, kwa upendo. Unaitisha, unalipa kwa M-Pesa, mzigo unafika. Unaigeuza upande wa nyuma, kumbe upendo wenyewe ni polista iliyokatwa na makasi kutoka kwa jora.

Na kabla uniandikie "si uwache watu watafute riziki", nisikilize kwanza. Sina vita na mashine. Nguo nyingi nilizonazo zimetoka kwa mashine, na zako pia. Vita yangu ni na lile neno. Mtu akisema "kazi ya mkono" anakuambia kwamba kuna binadamu aliketi chini na kutoa masaa yake. Kama hakuna aliyeketi, basi umelipia masaa ambayo hayakuwepo. Na yule ambaye aliketi kweli, pale mtaani kwenu, anaambiwa bei yake iko juu.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo. Tofauti ya lesi ya mkono na lesi ya mashine si urembo. Ni masaa, na hayo masaa ni ya mtu.

Tuanze na lesi ni nini, kwa sababu hata hapo watu huchanganya. Kitambaa cha kawaida kinafumwa kikiwa kimejaa. Lesi ni nyuzi na matundu, na matundu yenyewe ndiyo mchoro. Kiswahili kina neno la zamani la kitu hiki: kimia. Neno hilo hilo linamaanisha wavu wa kuvua samaki, na ukifikiria vizuri utaona walioliita hivyo walikuwa wameangalia kwa makini. Wavu ni mashimo yaliyopangwa na uzi.

Lesi ya mkono ina familia kadhaa. Kuna ya sindano, ambapo mtu anashona juu ya mchoro mpaka mishono inasimama yenyewe bila kitambaa chini. Venice ilikuwa maarufu kwa hiyo tangu karne ya 16. Kuna ya vijiti, ambapo nyuzi nyingi zimezungushiwa vijiti vidogo, na mtu anazipishana na kuzisokota juu ya mto uliochomekwa pini. Hiyo ilishika sana Flanders, sehemu ambayo leo iko Ubelgiji. Halafu kuna yetu, nikisema yetu sijakosea: kufuma kwa sindano moja yenye kichwa cha ndoano, uzi mmoja, kitanzi ndani ya kitanzi. Kroshei.

Kama umelelewa Kenya, hakuna haja nikueleze. Vile vitambaa vya kochi. Vyeupe, vimetiwa stachi mpaka vinasimama, viko kwa mgongo wa kiti, kwa mikono ya kiti, kwa meza, juu ya tivii ile ya kichogo. Sisi tunavifanyia utani kila siku, na utani ni halali. Lakini tukimaliza kucheka tukumbuke hiyo ni lesi ya mkono, kabisa, na ilifumwa na mtu unayemjua kwa jina. Mathe, shosho, auntie, yule mama wa kibanda ambaye anafuma akingoja wateja wa nyanya. Huko Ireland, wakati wa njaa kubwa iliyoanza 1845, kroshei ilifundishwa kwa wanawake na wasichana maskini ili wauze na kununua chakula. Kwa hivyo usione ni kitu cha kupitisha wakati tu. Kwa muda mrefu sana ndoano hiyo imekuwa kazi na chakula.

Na sasa imerudi kwetu. Cheki TikTok, cheki maonyesho ya wikendi: kofia za kroshei, mikoba, vitop vya kuvaa Diani. Vijana wa rika letu, wasichana kwa wavulana, wanafuma usiku wakimaliza masomo na kuuza. Hao ndio wanaumizwa na uongo wa lebo, wala si makumbusho ya Ulaya.

Basi utajuaje? Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Ziangalie zikiwa pamoja, kama daktari anavyoangalia dalili za ugonjwa.

Ya kwanza, geuza. Upande wa mbele ndio umepambwa kwa ajili yako, lakini nyuma hakuna aliyepanga maneno. Kuna lesi ya leo ambayo si ya kufuma, ni darizi ya mashine. Mashine inashona mchoro kwa nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini, kama cherehani ya kawaida. Ukigeuza, utaona uzi wa chini, mara nyingi mwembamba zaidi au wa rangi tofauti kidogo, ukirudi na kwenda kwa kasi ileile kila mahali.

Ya pili, angalia ukingo. Kuna lesi nzito yenye mchoro mkubwa usio na wavu katikati, ile inapendwa sana kwa harusi. Namna inavyotengenezwa ni hivi: mashine inadarizi juu ya kitambaa fulani, halafu kitambaa hicho kinayeyushwa kwa dawa au kwa maji, zinabaki nyuzi tu. Ni ujanja wa ajabu, nakubali. Lakini huacha vinywele kwenye kingo. Kama imekatwa kutoka jora pana, utaona pia ncha za nyuzi zilizokatwa. Kazi ya mkono kwa kawaida haina ukingo wa kukatwa. Uzi ukifika mwisho unageuka na kurudi, na ncha chache zilizopo zimefichwa ndani ya mishono.

Ya tatu, tafuta kosa. Hii ndiyo naipenda zaidi. Mkono ukikosea, unakosea mahali pamoja, kisha kwingine kwa njia nyingine. Ua moja lina petali iliyolegea, la pili liko sawa, la tatu limebana. Mashine ikikosea, inarudia kosa lilelile kila mchoro unapojirudia. Kwa hivyo ukiona kasoro, usikimbilie kusema "aah, hii ni ya mkono". Songa mbele hadi ua linalofuata, angalia palepale. Kasoro iko tena? Na kwa lile la tatu? Hiyo ni mashine. Lakini pia usidhani kazi iliyonyooka lazima iwe ya kiwanda. Shosho aliyefuma miaka arobaini ana mkono ulionyooka kuliko rula yako.

Ya nne ni ya kroshei, na inahitaji macho. Kroshei halisi ni vitanzi vinavyoshikana. Juu ya kila safu utaona kamba ya alama kama herufi V zikifuatana. Na mishono inafuata umbo: kitambaa kikiwa duara, mishono nayo inazunguka kutoka katikati kwenda nje. Sasa shika kile kitop cha kiwandani kinachoigiza kroshei. Utaona vinyororo vidogo vimesimama sambamba, vyote upande mmoja, kama nguzo za ua, na nyuzi nyingine zikirukaruka kati ya nguzo hizo. Hizo hazizunguki. Mchoro unaweza kuwa wa maua na nguzo zikapita katikati ya ua bila aibu.

Ya tano, malighafi. Watu husema ikiwa pamba ni ya mkono, ikiwa polista ni ya mashine. Hapana. Mashine zimekuwa zikitengeneza lesi ya pamba tangu zamani, na kuna watu wanafuma kwa uzi wa akriliki kwa sababu ndio wanaoweza kununua. Uzi ni ushahidi mdogo. Na tafadhali, usichome kipande cha nguo ya mtu na kiberiti dukani eti unapima. Utalipa.

Ya sita, ambayo unaweza kufanya hata kabla mzigo ufike: muulize muuzaji. "Nani aliifuma? Ilichukua siku ngapi? Unaweza kunifumia nyingine ikiwa pana kidogo kwa mabega?" Anayefuma kweli hujibu hayo maswali akifurahi. Atakupimia, atakuambia uzi wa rangi hiyo umeisha, atakuambia ungoje wiki mbili. Anayeuza kutoka jora anaweza tu kukuambia ana ndogo, wastani na kubwa, na ziko ishirini za kila rangi, leo, sasa hivi. Ishirini za kila rangi! Hizo ndoto za usiku zinafumwa na nani?

Sasa turudi kwa masaa, kwa sababu ndiyo yanafanya hii hesabu iume.

Pale Ufaransa kuna mji unaitwa Alençon, wenye lesi ya sindano ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia wa mila na ufundi mwaka wa 2010. Sentimita moja mraba ya lesi hiyo huchukua masaa saba. Angalia ukucha wa kidole chako kidogo. Karibu huo ukubwa, masaa saba. Ndiyo maana zamani lesi ilikuwa ya wafalme na maaskofu. Walikuwa wanavaa muda wa watu wengine shingoni.

Halafu mashine zikaja. Mwingereza John Heathcoat alipata hataza ya mashine ya kusokota wavu wa lesi mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka wa 1816 watu walivamia kiwanda chake huko Loughborough usiku, wakavunja mashine 55. Yeye akahama na kwenda kuanza upya Tiverton, na mashine hazikurudi nyuma tena. Zilizofuata ziliiga michoro ya mkono kwa ustadi hadi leo hata wataalamu huchukua kioo cha kukuza kabla ya kusema. Kitu kilichokuwa cha malkia kikawa cha kila mtu. Mimi naona hiyo ni habari njema.

Hata ile tunaita "lesi ya Nigeria", ile ya harusi na ya picha za familia Eastleigh mpaka Mombasa, ina hadithi yake. Tangu miaka ya 1960, wafanyabiashara wa Nigeria wamekuwa wakiagiza lesi hiyo kutoka viwanda vya darizi vya Austria na Uswisi, wakichagua michoro na rangi wanazotaka watu wao. Baadaye viwanda vya Asia vikaingia. Ni ya mashine tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu mwenye akili anasema si nzuri au si ya Kiafrika. Wanigeria waliifanya yao kwa ladha na kwa mavazi. Mashine haikuwapunguzia kitu, kwa sababu hakuna aliyedanganya mtu.

Na kuna ile ya katikati. Gauni la harusi la Kate Middleton mwaka wa 2011 lilikuwa na lesi iliyotoka viwandani, Uingereza na Ufaransa. Maua yake yalikatwa na kushonelewa moja moja kwa mkono juu ya wavu. Walioshona walinawa mikono kila nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya masaa matatu. Je, hiyo ni ya mkono au ya mashine? Zote mbili, na unaweza kuisema kwa sentensi moja: lesi ya kiwanda, imeshonelewa kwa mkono. Fundi wako anayenunua lesi ya jora na kukaa siku tatu akiishonea shanga moja moja, pia yeye amefanya kazi ya mkono. Aiseme hivyo hivyo na alipwe kwa hivyo. Kama gauni la mke wa mwana wa mfalme lingeweza kuelezwa kwa ukweli, hata kola ya mia nane inaweza.

Sasa ngoja nikuoneshe upande ambao watu hawaufikirii. Kroshei ina tabia moja ya ajabu: viwanda havina mashine ya kuifuma kwa wingi. Lesi ya sindano na ya vijiti zimeigwa vizuri sana, sweta zinatoka mashineni kila dakika, lakini kroshei halisi bado ni mtu na ndoano. Kwa hivyo ukiona kitop cha kroshei kwenye duka kubwa la mtandaoni la ng'ambo, bei ya kutupa, kuna mambo mawili tu. Kama ukiangalia zile nguzo unaziona, ni mashine inaigiza, sawa, nunua ukijua. Lakini kama mishono inazunguka na herufi V ziko, basi kuna mtu aliifuma. Binadamu. Na baada ya kutoa uzi, usafiri wa kuvuka bahari, na faida ya duka, unaweza kukadiria mwenyewe ni nini kilimfikia.

Ndiyo maana nasema kujua tofauti si mambo ya watu wa fasheni peke yao. Ukijua tofauti, bei inaanza kuongea. Lesi ya mashine ya bei nafuu ni kawaida. Kroshei ya kweli ya bei nafuu sana inafaa ikunyime raha kidogo.

Tulete hesabu nyumbani. Tuseme kitambaa cha kochi kinachukua masaa 8. Mama anakuambia shilingi 500. Uzi ni, tuseme, 150. Amebaki na 350. Gawa kwa 8. Haifiki hata bob 44 kwa saa. Na hapo ndipo wewe, na simu yako ya elfu thelathini, unamwambia "mama, si uniwekee tatu". Sisemi usipatane bei, sisi ni Wakenya, kupatana ni mazungumzo. Nasema ujue unapatana kuhusu nini. Kwa lesi ya jora unapunguza faida ya muuzaji. Kwa kroshei unapunguza mshahara wa saa moja ya mtu, na tayari ilikuwa bob 44.

Najua swali linalokuja: kama inapendeza na mimi nimefurahi, shida iko wapi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba furaha yako iliuzwa kwa bei ya kitu kingine. Kama ungeambiwa ni ya mashine na bado ukalipa elfu mbili, hiyo ni yako na mfuko wako. Lakini ukifichwa, umenyimwa uamuzi. Na hii si hisia zangu tu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Tunajua vifungu vya Katiba tukiwa barabarani. Tuvijue pia tukiwa tunanunua nguo.

Kuna wengine wataniambia wauzaji wadogo wanahangaika, mbona niwaandame wao. Lakini anayefuma naye ni muuzaji mdogo. Yeye ndiye mdogo kabisa, kwa sababu hawezi kufuma ishirini za kila rangi. Kila posti inayoita jora "kazi ya mkono" inamvutia bei yake chini, hadi siku moja anaweka ndoano kando na kuanza yeye pia kununua jora. Nani atamlaumu?

Kwa hivyo naomba vitu vichache. Wewe unayeuza: andika ukweli. "Lesi ya mashine, imeshonwa hapa Nairobi" ni maelezo mazuri kabisa na mimi nitanunua. Wewe unayefuma: andika masaa. Weka kwenye posti, "hii ilinichukua jioni tano". Watu hawawezi kuheshimu kile hawajawahi kuoneshwa. Na wewe unayenunua: geuza, fuata ukingo, tafuta kosa linalojirudia, uliza ni nani.

Na ukienda ocha Disemba hii, vua kile kitambaa cha kochi ambacho umekuwa ukikichekea, kigeuze, hesabu safu kutoka katikati hadi nje. Halafu muulize aliyekifuma kilimchukua muda gani. Uliza pia kama anaweza kukufundisha, kwa sababu kama viwanda vimeshindwa, hiyo kazi itabaki duniani tu kama kuna mtu anajua kushika ndoano.